Nani Aliipa Mafuta Mashine ya Mzee Jivan

Wenzangu wa enzi zile za ruksa, mliokuwa darasa la tatu au la nne mitumba ilipoanza kupanda mlima kwa marobota, nyinyi mtanielewa. Hawa wa leo hawawezi. Ukimwambia mtoto wa leo kwamba tulicheza rede kwa mpira wa soksi, kwamba mwezi wa saba ukungu ulikaa kwenye migomba hadi saa nne asubuhi na sisi tumeshika namba mchakamchaka tangu saa moja, anakutazama kwa huruma kisha anarudi kwenye simu yake. Mwanangu Brayan aliwahi kuniuliza kama enzi zetu dunia ilikuwa na rangi, au ilikuwa nyeusi na nyeupe kama kwenye picha zetu. Nikamjibu ilikuwa na rangi, tena nyingi, na nyingine zilikuwa zinawaka sebuleni kwetu.

Nyumbani kwetu Mwika kulikuwa na mashine ya gololi. Sisemi gololi za kioo za kuchezea uani, hizo kila mtoto alikuwa nazo. Nasema mashine nzima, ya Wamarekani, wenyewe wanaiita pinboli. Ilikuwa meza ndefu yenye miguu minne ya chuma na kioo juu yake, na mwishoni mwa meza kimesimama kichwa, yaani kabati bapa lenye picha ya mwanamke wa kofia pana amepanda farasi. Unavuta kishikio cha springi, gololi ya chuma inaruka hadi juu, inagonga nguzo zilizovishwa pete za mpira, kengele zinalia, taa zinawaka, na kule kichwani magurudumu madogo yenye namba yanazunguka kuhesabu alama. Gololi ikianza kuteremka kukujia, una vibao viwili tu vya kuirudishia juu, kimoja kushoto kimoja kulia, unavipiga kwa vifungo vya ubavuni. Ikipita katikati yao, imekwenda. Utoto wangu wote nimeutumia kujiuliza mambo mawili: kwa nini daima ilipita katikati, na humo ndani kulikuwa na nini.

Mashine ilikuwa ya Mzee Jivan. Mzee Jivan alikuwa na tanuri la mikate mjini Moshi, na mbele ya tanuri kulikuwa na chumba cha chai chenye viti vya chuma. Alizaliwa Moshi, baba yake alizaliwa Moshi, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu sisi tuliokuwa tunakivuruga na Kichagga. Baba yangu, Eliamini, alikuwa dereva wa gari lake la mikate: Himo, Marangu, Kwa Sadala siku ya soko, kisha kurudi. Mashine ilisimama pembeni mwa chumba cha chai tangu mimi sijazaliwa. Watoto wa Mzee Jivan walipokwisha kuhamia Uingereza wote, naye akaamua kuwafuata, aliwaambia wafanyakazi wake kila mmoja achague kitu kimoja cha kumkumbukia. Mmoja alichukua mizani, mwingine saa ya ukutani. Baba akachagua mashine ya gololi.

Mama alipopata habari alikaa chini. "Umepewa kuchagua," alisema taratibu, "ukaliacha friji?"

Siku ya kuichukua nilikuwepo, likizo, nimekaa mbele garini na gauni langu la kanisani. Mzee Jivan aliizunguka mashine mara mbili akiipangusa kwa leso, kisha akampa Baba funguo mbili. Mmoja ulikuwa wa tumbo, yaani mlango wa mbele chini ya meza. Wa pili ulikuwa wa kichwa. "Eliamini," akasema, "hii siyo gari. Ipanguse vumbi, pima miguu yake, badilisha mipira ikilegea. Mafuta hapana, hata tone. Nikirudi kuwasalimia nitacheza, na nitajua."

"Ndiyo, Mzee," Baba akajibu, tena kwa heshima zote. Lakini tulipofika Himo, mashine imelala nyuma juu ya majani ya migomba, akanigeukia. "Mzee Jivan ni mtu wa mikate," akasema. "Chuma gani hicho kisichotaka mafuta?"

Mimi nilimwamini Baba. Ningeachaje? Kila kilichokuwa na chuma nyumbani kwetu kilitiwa mafuta: bawaba, baiskeli, cherehani ya Mama, na zaidi ya vyote ile mashine ya mkono ya kumenyea kahawa iliyokaa bandani. Msimu ukifika, kahawa nyekundu zinamiminwa juu, mmoja anazungusha mpini, punje zinatoka upande huu na maganda upande ule, na chuma kinalia nyumba nzima inasikia. Baba alikuwa na kopo la grisi nyeusi pale bandani. Alikuwa akichota kwa kidole, anapaka huku anaongea na mashine: "Inalia hiyo, ina kiu, ipe inywe." Mtoto aliyekulia kwenye nyumba ya namna hiyo ukimwambia mafuta hapana, anakuona umechanganyikiwa.

Kuitunza ile mashine, jamani, ilikuwa kazi. Kwanza mteremko. Nyumba yetu, kama nyumba zote za kule, ilijengwa mahali ambapo ukiangusha chungwa unalifuata kwa jirani. Gololi ilikuwa inakimbilia kushoto, upande wa jikoni, hata ukiisukuma kulia. Baba akaleta pima maji, akakata vipande vya mti wa mgrevilea akaviweka chini ya miguu ya kushoto, akapima hadi maji yakatulia katikati kabisa, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Akasimama kwa fahari. Tukavuta springi, gololi ikapanda juu, ikasimama hapo hapo. Ilibidi tufungue kioo tuitoe kwa mkono. Kumbe inatakiwa ilale kidogo kuelekea kwa mchezaji! Tukaanza upya, na kila baada ya masika ardhi inaposogea tukapima tena.

Halafu umeme. Mashine ilikuja na boksi zito la kupunguza umeme, maana ya Wamarekani haitaki nguvu kama ya kwetu. Siku umeme ukiwa mwingi taa ziliwaka hadi unafumba macho, siku ukiwa mdogo vile vibao viliinuka kwa uvivu kama mtu anayeamshwa kwenda kukata majani ya ng'ombe. Balbu zilipokufa Baba alipata za pikipiki, zikaingia sawasawa. Mipira ilipokatika tulikata pete za mpira wa ndani wa baiskeli. Gololi yenyewe iliposhika kutu kwa unyevu wa kule kwetu, tulipata nyingine kwenye beringi la lori, gereji ya Himo. Na Mama, aliyekuwa bado analililia friji lake, alifuma kitambaa cheupe cha kuifunika mashine nzima, chenye maua pembeni, kwa sababu kwenye sebule yake hakuna kitu kilichoruhusiwa kukaa uchi.

Siku ya kucheza ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, tumeshakula kiburu cha ndizi na maharage, kitambaa kimekunjwa, majirani wamejaa hadi mlangoni. Mashine ilikuwa na kengele tatu kule kichwani, nyembamba, ya kati na nene, na ukisikia zote tatu zinafuatana unajua mtu amepiga alama kubwa. Wazee walioingia wakisema huu ni upuuzi ndio waliokuwa wagumu kutoka. Lakini mimi nilipenda zaidi Jumamosi, siku ya kusafisha, Baba akifungua tumbo na kuniambia nimulike. Humo ndani nyaya za kila rangi zimefungwa kwa uzi, koili zimezungushiwa waya mwembamba, na vidomo vya shaba vinavyogusana na kuachana. "Hiki kinaongea na kile," Baba alinieleza, "na kile kinaongea na kengele." Mimi nilipewa jina la mama yake, Ndeshi, kwa hiyo akifurahi aliniita Mama, akikasirika aliniita Ndeshi. Jumamosi nilikuwa Mama siku nzima.

Basi mwaka mmoja, mwezi wa kumi na moja, ikaja barua ya Mzee Jivan. Anakuja Moshi Krismasi, na atapanda Mwika kumwona Eliamini na mashine yake. Baba aliisoma barua hiyo mara tatu kwa sauti. Kwa mtu mwingine ni barua tu ya salamu. Kwa Baba ulikuwa ukaguzi. Yule mzee alimwamini kwa gari lake na kwa kitu alichokipenda. Nyumba nzima ikaanza kupigwa chokaa.

Wiki chache baadaye vibao vikaanza kulia. Kri, kri, kila ukivipiga. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, Baba yuko safari Arusha, na mimi nimebaki na ule ufunguo wa tumbo uliotundikwa msumarini. Nikafikiri: inalia hiyo, ina kiu. Kopo la grisi sikuliona bandani. Nikaingia jikoni, nikachota kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, nikafungua tumbo, nikajipenyeza, nikapaka kibao cha kulia na cha kushoto. Nikajaribu. Kimya kabisa, laini kabisa! Moyo wangu ulijaa. Nilipanga Baba akirudi asikie ule ukimya kwanza, ndipo nimwambie ni mimi.

Jumapili mashine ikafa. Taa ziliwaka, lakini kibao cha kushoto kiliinuka kikakataa kushuka, kengele zikanyamaza zote, na magurudumu ya namba kule kichwani yakakwama. Na juu ya mguu mmoja wa chuma, jamani, msururu wa sisimizi unapanda kwenda tumboni kama watu wa soko la Mwika siku ya Jumanne. Baba akafungua, akaingiza kidole, akakinusa.

"Nani ameweka mafuta humu?"

Mimi nikaendelea kutazama sisimizi. Alikuwepo pia binamu yangu Godlisten, wa miaka kumi na miwili, ametoka Dar kwa ajili ya Krismasi, na sifa zake zilimtangulia: alishafungua redio ya babu na saa ya mchungaji, vyote havikurudi kama zamani. Baba hakuuliza mara ya pili. Alimwambia Godlisten aende akachume fimbo mwenyewe. Nyinyi wa enzi zangu mnakumbuka adhabu hiyo, ukileta nyembamba unarudishwa, ukileta nene unajutia. Godlisten akatoka analia, "Siyo mimi, Baba mdogo, haki ya Mungu siyo mimi."

Mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikakimbia hadi mpakani mwa shamba letu.

Kwa wasio wa kwetu: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani. Mchagga akimkosea mtu, hukata jani la isale, hulifunga fundo, akampelekea aliyemkosea kwa mikono miwili. Aliyeletewa isale hawezi kukataa. Na akishapokea, neno limeisha, halirudiwi tena na mtu yeyote. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nilikuwa nimeona tu watu wazima wakifanya hivyo. Nilikata jani, nikalifunga fundo bayabaya, nikarudi sebuleni na kupiga magoti mbele ya Baba, Mama anaona, Godlisten anaona na fimbo yake mkononi.

"Ni mimi, Baba."

Akalitazama jani, akanitazama mimi, akalitazama jani tena. Nilidhani ni hasira. "Uliweka wapi?" akauliza.

"Kwenye vibao viwili, Baba. Kijiko kimoja."

"Hapo tu?"

"Hapo tu."

"Kichwani hukugusa?"

"Ufunguo wa kichwa unao wewe, Baba."

Akakohoa. Akalipokea jani. "Haya," akasema, "nimepokea. Inuka." Lakini hakuniita Mama.

Tulisafisha kwa siku kumi. Mimi nililala chali chini ya tumbo nikiwa na pamba na spiriti, nikachomoa kila kifimbo cha chuma kwenye koili yake, nikakipangusa hadi kikang'aa, nikapitisha msasa laini kwenye vidomo vya shaba. Ndipo nilipoelewa Mzee Jivan alikuwa na maana gani. Vile vifimbo vinateleza vikavu. Mafuta yanakamata vumbi, vumbi linageuka tope, tope linagandisha kifimbo, na kidomo chenye mafuta hakipitishi umeme vizuri. Baba alishughulikia kichwa peke yake, amenipa mgongo. "Huku kuna umeme mkali," alisema, "usisogee."

Hapo ndipo udadisi wangu ulipoanza. Kijiko kimoja, sehemu mbili, chini kabisa ya meza. Kengele zimenyamaza kwa nini? Magurudumu ya kichwani yamekwama kwa nini? Nilichukua kipande cha bati, nikakiegesha ukutani nyuma ya nyumba, nikamwaga mafuta chini yake, nikangoja siku tatu nione kama yatapanda. Hayakupanda. Nikamuuliza Baba: mafuta yalifikaje kichwani? "Umeme huyavuta," akanijibu bila kugeuka. Basi nikaridhika. Nilipofika kidato cha pili niliandika jibu hilo kwenye mtihani wa fizikia, kwamba umeme huvuta mafuta kwenda juu, na mwalimu alichora kosa jekundu lililotoboa karatasi. Nilipomwonyesha Baba alitikisa kichwa. "Walimu wa siku hizi," akasema.

Mzee Jivan alikuja siku mbili kabla ya Krismasi, na mikate mitatu kwenye kikapu ingawa tanuri halikuwa lake tena. Alisimama mbele ya mashine, akakunja kitambaa cha Mama kwa adabu, akavuta springi. Nilimwona Baba ameshika ukingo wa kiti. Gololi ikapanda. Kengele nyembamba, ya kati, nene. Vibao vikapiga. Magurudumu yakazunguka yote. Mzee Jivan alicheza gololi tano, kisha akainama, akanusa upande wa kioo.

"Eliamini, nani aliipa mafuta?"

"Huyu," Baba akasema, akanionyesha kwa kidole mbele ya watu wote. "Binti yako. Kijiko cha jikoni! Lakini nimemsamehe."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Godlisten akasema, "Mama Mafuta!" na jina likanikaa tangu dakika ile. Mzee Jivan hakucheka. Alimtazama Baba, akanitazama mimi, akaniuliza ni nani aliyesafisha tumbo. Nikasema ni mimi. Akamwambia Baba anipe ule ufunguo wa tumbo uwe wangu. Baba akanipa. Wa kichwa alibaki nao yeye.

Kwa hiyo nilikua hivyo, Mama Mafuta mwenye ufunguo mmoja. Kila Krismasi, sisi Wachagga tukirudi nyumbani kutoka tulikotawanyikia, Baba alisimama na kuisimulia hadithi ile. Aliongeza sisimizi, aliongeza kijiko kikawa chupa. Aliisimulia siku ya kipaimara changu. Aliisimulia kwenye sendofu yangu, na mshereheshaji akaiona ni nzuri akairudia kwenye kipaza sauti, wakwe zangu watarajiwa wakanitazama mikono. Nilicheka na wengine. Lakini nitasema ukweli, ilikuwa inaniuma. Nilipeleka isale, likapokelewa, na neno lilikuwa halitakiwi kurudiwa. Mimi nililisikia likirudiwa kila mwaka, na sikuwahi kumwambia Baba chochote, kwa sababu enzi zetu hukuwa unamwambia baba yako chochote.

Krismasi iliyopita tulipanda tena, mimi, mume wangu na Brayan. Brayan aliiona mashine kama mara ya kwanza, maana safari hii simu yake ilikuwa imeisha chaji. "Mama, hii nayo inachajiwa wapi?" akauliza. Nikaiwasha. Magurudumu ya kichwani yakakwama mawili. Baba, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo na mikono inatetemeka, alikuwa amekaa akinitazama. Akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa ufunguo wa kichwa.

"Macho yangu yamechoka," akasema. "Fungua mwenyewe." Kisha akainuka, akatoka nje, haraka kuliko nilivyodhani anaweza.

Miaka yote ile sijawahi kuona ndani ya kichwa. Nikafungua, nikamulika kwa simu. Mbele kumesafishwa vizuri, kazi ya Baba. Lakini nyuma ya magurudumu, kwenye pembe ambazo vidole vyake vinene havikufika, kulikuwa na grisi. Nyeusi, imekauka ikawa ngumu. Nikakwangua kidogo kwa bisibisi nikaisogeza kwenye mwanga. Ndani yake kulikuwa na vipande vya maganda ya kahawa.

Nilikaa pale chini. Kopo la bandani. Chuma kinalia, kina kiu. Mtoto wa miaka kumi hawezi kufika kule juu, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu mmoja tu.

Nilipomulika tena nikaona, kwenye sakafu ya kichwa, majani mawili. Moja limekauka kabisa, rangi ya chai, lenye fundo bayabaya ninalolijua. La pili lilikuwa bichi. Limekatwa wiki hiyo hiyo, limefungwa fundo zuri la mtu mzima.

Baba alikuwa bandani, amekaa kando ya ile mashine ya kumenyea kahawa ambayo haimenyi tena kitu, maana mibuni tuling'oa zamani. Anajifanya anachagua maharage. Nililishika lile jani bichi kwa mikono miwili.

"Nimepokea, Baba."

Akachagua harage moja, akalitupa. "Umeona grisi?"

"Hadi maganda yake."

"Nilipaka Jumatatu," akasema. "Kichwa, kengele, kila nilipofika. Nilitaka Mzee Jivan akija aikute laini. Kopo zima. Wewe ukaja Alhamisi na kijiko chako." Akachagua harage jingine. "Uliponiletea isale, nilitaka kusema. Lakini mama yako amesimama pale, mtoto wa watu amesimama na fimbo. Nikaona aibu. Kisha ikawa kesho, kisha ikawa mwaka."

"Na fizikia yangu, Baba?"

"Na fizikia yako," akakubali.

Nililia, nitaficha nini. Nikamwambia lile lililokuwa limenikaa kooni: "Isale likipokelewa neno halirudiwi. Wewe ulilipokea langu, ukalirudia kila Krismasi."

"Ndiyo maana nimeleta hilo jingine," akasema. "Pole, Mama."

Ulikuwa muda mrefu tangu aniite hivyo, na mimi sasa nina mvi.

Kesho yake, siku ya Krismasi, tumekaa wote uani, machalari yanapakuliwa, mbege inazunguka, Godlisten akawasili na gari lake na tumbo lake. "Mama Mafuta!" akapaza sauti. "Mwaka huu umekaanga nini?" Kila mtu akamgeukia Baba asimulie. Isale nililipokea, kwa hiyo mdomo wangu ulifungwa, na Baba alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote pale. Angeweza kusimulia kama siku zote.

Akaweka kata ya mbege chini.

"Mafuta yalikuwa yangu," akasema. "Ya huyu yalikuwa kijiko. Yangu yalikuwa kopo zima. Nilimwachia mtoto mzigo wangu."

Aliyesema kwanza ni Mama, na vijino vyake viwili vilivyobaki. "Mimi nilijua siku ile ile," akasema. "Shati lako nililifua mimi." Tukamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo. "Nani aliniuliza?" akajibu. "Na friji je, mnakumbuka?"

Tulipokuwa tunarudi ndani Brayan alinivuta mkono. "Si Babu angekutumia tu meseji?" aliniuliza, na hakuwa anatania. Nikafikiri. Leo mtu anakukosea asubuhi, mchana anakutumia samahani yenye vikaragosi vitatu vinavyolia, na jioni ameshasahau alikuwa anaomba nini. Kwetu ilichukua karibu maisha mazima ya mtu, lakini ilipokuja ilikuwa imekatwa kwa kisu mpakani na mzee wa mkongojo aliyeteremka kule peke yake. Nakiri, ningependa ingekuja mapema kidogo, hata kabla ya kidato cha pili. Ila hata sasa nikitaka kuishika, ninayo.

Funguo zote mbili ni zangu siku hizi. Masale yote mawili nimeyarudisha yalipokuwa. Tulikwangua ile grisi, mimi nikikwangua na Baba akinimulika kwa simu ya Brayan, tukafunga kichwa, na Baba akavuta springi ya kwanza. Kengele ya kati bado inakwaruza kidogo. Nimeiacha hivyo hivyo, sijaitia hata tone.